UZI MAALUMU: Kupiga picha maporomoko ya maji mwanzo wa masika, Uluguru na Udzungwa, kwa tunaotokea Dar

#1 KivuliChaMkuyu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mvua zikianza kugonga mabati hapa mjini, maswali huwa yale yale: niende lini, niende wapi, nivae nini, mbona maji kwenye picha yametoka doa jeupe. Tuyaweke yote sehemu moja. Wenye ujuzi jazieni nyama.

Naanza na lini, maana hapo ndipo wengi wanapochemka. Watu husubiri katikati ya Aprili wakiamini maji mengi ndiyo picha nzuri. Poromoko lililofurika halina umbo. Ngazi za mwamba zimefunikwa, manyunyu yamejaa bonde zima, na ukisogea karibu lenzi inalowa kabla hujaweka fokasi. Picha inataka maji ya wastani, mwamba mweusi uonekane katikati ya nyuzi za maji, na majani yaliyonawiri. Hayo matatu yanakutana mvua zinapoanza, au zikipumzika siku mbili tatu katikati ya msimu. Kwenye kilele huyapati.

Sasa, mwanzo wa mvua si tarehe moja kwa mkoa mzima wa Morogoro. TMA, watu wa hali ya hewa, wanaugawa. Kaskazini mwa mkoa iko kundi moja na Dar, Pwani na Tanga: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kusini mwa mkoa ina msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Maana yake, wakati Uluguru upande wa mjini unapokea mvua za kwanza za masika, Udzungwa, iliyo kundi la kusini, imekuwa ikilowa kwa miezi. Katikati ya Machi nenda Sanje, maji yapo. Uluguru mpe muda kidogo, kwa sababu mvua za mwanzo zinamezwa na udongo mkavu na kijito hakipandi mpaka udongo ushibe.

Jambo la pili ni rangi ya maji. Kabla ya kuchagua poromoko, jiulize juu yake kuna nini. Kukiwa na msitu, mvua kubwa ikipita maji yanasafika haraka. Kukiwa na mashamba kwenye mteremko, kama ilivyo sehemu nyingi za Uluguru chini ya mpaka wa msitu, mto unashuka na udongo na picha ya shata ndefu (mlango wa mwanga wa kamera ukikaa wazi muda mrefu ili maji yatoke laini) inatoka chai ya maziwa. Makadirio yangu: baada ya mvua kubwa, mto wa msituni upe siku moja kamili, unaopita mashambani upe mbili hadi tatu.

Wapi:

Choma, juu ya mji wa Morogoro, njia ya Morningside. Ndiyo rahisi kwa mtu wa Dar. Treni ya SGR inakufikisha Moro kwa kama saa mbili, kituo kiko nje ya mji, unachukua bajaji au boda. Mlima ni wa kupanda kweli na udongo wake ni mfinyanzi mwekundu.

Sanje, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mita 170, maji yanashuka kwa ngazi tatu. Kwa gari unaenda barabara ya Iringa, ukifika Mikumi mjini unakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Angalizo: kijiji cha Sanje unakifikia kabla ya Mang'ula, lakini malipo na muongozaji vinapangwa makao makuu ya hifadhi Mang'ula, kama kilomita 10 mbele. Unapita poromoko, unaenda kulipa, unarudi. Hiyo saa moja iweke kwenye hesabu, au maliza malipo siku moja kabla.

Hululu, upande wa Bunduki, Uluguru ya ndani. Zuri sana, ila barabara ya huko wakati wa mvua usiipeleke gari ya chini.

---

#2 Tabata_Segerea

Mkuu, hii ndiyo maana ya jukwaa. Swali: Udzungwa naweza kuingia mwenyewe bila muongozaji? Naijua milima.

---

#3 KivuliChaMkuyu

Hapana. Hifadhi ile ina tembo na nyati, na haina barabara ndani, yote ni ya miguu. Unatembea na muongozaji. Hata pasingekuwa na sharti hilo, msimu wa tope muongozaji ndiye anayejua kijito kipi jana kilipitika na leo hakipitiki. Uluguru iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Nako unapitia ofisini kwao Morogoro, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unatembea na risiti. Usikubali kulipa mkononi njiani.

---

#4 Lenzi35

Naweka kambi hapa. Upande wa kamera niachieni mimi.

Tuanze na kasi ya shata, kwa sababu ndiyo inayoamua sura ya maji. Wengi wamekariri "sekunde moja au zaidi". Inategemea maji yanakwenda kasi gani. Maji yaliyodondoka mita 20 bila kugusa mwamba yanafika chini kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa maji ya namna hiyo robo sekunde inatosha kabisa. Ukiacha sekunde mbili, nyuzi zote zinaungana kuwa shuka moja jeupe lisilo na alama. Kijito kinachopita taratibu kati ya mawe ndicho kinachotaka sekunde moja hadi mbili. Kwa poromoko refu anza na 1/4, angalia, nenda 1/2, angalia. Mara nyingi jibu liko hapo katikati.

Mipangilio ya kuanzia: ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8 hadi f/11 (namba ikikua tundu linapungua), faili la RAW (ghafi, lisilochakatwa na kamera), hali ya manyuali (unapanga kila kitu mwenyewe), mizani ya rangi kwenye Kelvin 5500. Msitu mzito unatupa rangi ya kijani na kivuli kinatupa bluu. Ukiacha kamera ichague yenyewe, kila picha itakuwa na rangi yake na kuzioanisha ni kazi. Usikimbilie f/22 ili kupata shata ndefu. Kupita f/16 ukali wa picha unaanza kupungua kwa sababu ya mwanga kupindia kwenye tundu dogo. Filta ndiyo kazi yake hiyo.

Filta gani? Chini ya miti, mawingu mazito, f/11 na ISO 100 inakupa karibu 1/8 bila filta yoyote. Weka polaraiza, filta ya kukata mng'ao, ambayo inakula stopu moja na nusu hivi (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), unafika 1/3. Tayari umepata shata yako na ND, filta nyeusi ya kupunguza mwanga, imebaki kwenye begi. Ndiyo maana nasema kwa masika polaraiza ni muhimu kuliko ND. Faida yake ya pili ni kubwa zaidi: inaondoa mng'ao wa maji kwenye majani na mawe. Jani lililolowa linaakisi anga na kuonekana jeupe. Zungusha polaraiza huku ukitazama majani, usitazame maji, utaona kijani kinarudi.

ND inahitajika jua likitoka. Hapo f/11 inakupa kama 1/125. ND64, yaani stopu sita, inakushusha hadi 1/2. ND8 ni stopu tatu, itakupeleka 1/15 tu, haitoshi. ND1000 ya stopu kumi ni ya baharini, huku itakupa sekunde nane na majani yote yatakuwa yametikisika. Mwenye hela ya filta mbili anunue polaraiza na ND64.

Ile ND ya kuzungusha, inayobadilika, kwenye lenzi pana ina tabia ya kutoa alama ya msalaba mweusi angani ukiifikisha mwisho. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenda juu haisumbui sana. Na ukiweka filta mbili moja juu ya nyingine kwenye lenzi pana ya milimita 16 au 18, pembe za picha zinaingia giza.

Mwisho, mwangaza. Kamera inaona msitu mweusi na inang'arisha kila kitu, maji yanaungua. Punguza mwangaza kwa stopu 0.7 hadi 1, washa ile alama ya kumeta kwenye sehemu zilizoungua. Kivuli kwenye RAW utakiinua baadaye. Maji yaliyoungua hayana cha kuinua.

---

#5 BintiWaKigamboni

Asante sana kaka Lenzi35. Sisi wenye simu tu je? Au turudi zetu Coco Beach?

---

#6 Lenzi35

Hahaha, usirudi dada. Tatizo la simu ni moja: tundu la lenzi halifungi. Liko f/1.8 au hapo karibu, hivyo hata chini ya mawingu shata inabaki kama 1/160 kwa ISO 50. Njia mbili.

Ya kwanza, iPhone: piga ukiwa umewasha Live Photo, kisha kwenye picha ile chagua mwonekano wa mwanga mrefu. Simu inaunganisha fremu za sekunde tatu hivi. Lazima iwe imetulia. Iegemeze jiweni au tumia tripodi ndogo (stendi ya miguu mitatu), ukishika mkononi miti nayo inayeyuka. Na picha inayotoka huwa imekatwa pembeni kidogo, kwa hiyo simama nyuma zaidi ya unavyodhani.

Ya pili, Android yenye hali ya kitaalamu: ISO 50, shata 1/2, na ND64 ya kubana juu ya lenzi. Hesabu inakubali, 1/160 ukishusha stopu sita inatua karibu 0.4. Hakikisha umebana juu ya lenzi kuu. Simu ina lenzi tatu, nyingine ikiona mwanga hafifu inahamia yenyewe kwenye lenzi ambayo hujaiziba.

Tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Na futa lenzi. Nusu ya picha za simu zenye ukungu si ukungu wa mlimani, ni mafuta ya kidole.

---

#7 Mguu_Chuma

Mmeongea kamera, sasa tuongee tope, maana kamera haifiki huko yenyewe.

Mfinyanzi wa Uluguru ukilowa unaganda kwenye soli mpaka meno yote yanajaa, halafu kiatu kinakuwa kitako cha chupa. Kiatu cha mbio hakifai. Kinachofaa ni soli yenye meno marefu, milimita 5 au zaidi, yaliyoachana, ili tope lidondoke ukikanyaga. Meno yaliyobanana yanashika tope na hayaliachii.

Kwa wanaonunua mitumba Karume: viatu vizuri vya mlima vipo, ila kuna mtego. Soli nyingi zina tabaka la kati la poliyuretheni, na hilo linaoza polepole kwa unyevu hata kiatu kikiwa kipya kimekaa sandukuni. Kwa macho kiatu ni kizima, ukifika kilomita ya tatu soli inabaki kwenye tope na wewe unaendelea na ngozi. Pima hivi: bonyeza tabaka la kati kwa ukucha. Likinata, likitoa unga, au likionyesha mistari ya kupasuka ukikunja kiatu, liache. Gundi haisaidii, kwa sababu kinachooza ni soli yenyewe.

Namna ya kutembea. Kupanda: hatua fupi, unyayo mzima chini, usipandie vidole. Kushuka ndiko kunakoangusha watu: piga magoti kidogo, geuka ubavu kwenye sehemu kali, kanyaga pembeni ya njia penye majani na mizizi midogo, siyo katikati palipolainishwa na waliopita. Mzizi mkubwa uliolowa usiukanyage, uruke. Fimbo moja tu, mkono wa pili uwe huru. Muongozaji atakukatia mti, lakini ni uungwana kuja na yako. Na usishike mti bila kuutazama, miiba na siafu vipo.

Siafu: masika ni msimu wao. Suruali ndani ya soksi. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka na uendelee, usisimame hapo kupiga picha.

---

#8 Mzaramo_wa_Juu

Naunga mkono hoja isipokuwa hapo kwenye viatu. Gambuti, mkuu. Wakulima wa kule wanavaa gambuti kila siku, sisi nani tujifanye wajuzi?

---

#9 Mguu_Chuma

Mkulima anatembea nusu saa hadi shambani, wewe unapanda na kushuka saa nne. Gambuti inacheza kisiginoni, ukishuka vidole vinagonga mbele, malengelenge ya uhakika. Haishiki kifundo cha mguu, na maji yakiingia kwa juu wakati wa kuvuka unabeba ndoo mbili miguuni. Kwa Hululu ambako gari inaweza kukuacha mbali kwenye barabara ya tope, sawa, vaa gambuti ya saizi yako kamili na soksi ndefu mbili. Kwa Sanje na Choma, hapana.

Wapo wanaovaa njumu za mpira, zile za meno ya plastiki. Kwenye mfinyanzi zinang'ata kuliko kiatu chochote. Lakini ukifika kwenye mwamba uliolowa ni hatari tupu, meno ni magumu na eneo la kugusa jiwe ni dogo. Kwa kuwa maporomoko yote yanaishia kwenye mwamba, mwenye njumu lazima awe na kiatu cha pili begini.

---

#10 Mzaramo_wa_Juu

Nimekubali kwa shingo upande. Yeboyebo za kubadilisha ukifika kwenye maji?

---

#11 Mguu_Chuma

Zenye kamba nyuma ya kisigino, sawa, kwa kukaa kando ya dimbwi. Kuvuka nazo hapana, mkondo unazivua.

Na kuvuka kwenyewe: maji yakipita goti na yana kasi, usivuke, rudi. Kabla ya kuingia fungua mkanda wa kiuno na wa kifua wa begi, ukianguka begi litoke, lisikuzamishe. Uso uelekee maji yanakotoka, fimbo mbele yako, songa ubavu, mguu mmoja kwa wakati. Usifunge kamba kiunoni ukishikwa na mtu ng'ambo. Ukianguka kamba inakushikilia chini ya mkondo.

Mvua inaweza kuwa juu ya mlima na wewe uko kwenye jua. Dalili za maji kuja: maji safi yanabadilika kuwa kahawia, majani na vijiti vinaanza kupita, sauti inakuwa nzito, jiwe ulilokuwa umekanyaga limefunikwa. Ukiona moja tu, inua tripodi upande kingo. Begi liache kama liko mbali.

---

#12 Stendi_ya_Mchuma

Hapo kwenye tripodi naongezea, maana picha nyingi za shata ndefu zinaharibika kwa tripodi kuzama, siyo kwa mtu kutikisa.

Kwenye tope, mguu wa tripodi unashuka milimita mbili tatu wakati wa kupiga, na hiyo inatosha kuua picha. Weka jiwe bapa chini ya kila mguu, kandamiza kwa mkono, subiri kidogo, ndipo upige. Ukiwa ndani ya maji usitumie ile sehemu nyembamba ya mwisho ya mguu, ndiyo inayotetemeka mkondo ukiipiga. Afadhali tripodi fupi na pana. Mguu mmoja uelekeze kwenye mkondo, miwili nyuma. Nguzo ya katikati iache chini.

Begi la kuning'iniza kama uzito: liguse ardhi kidogo. Likibembea na upepo wa poromoko, umeongeza mtikisiko badala ya kuupunguza.

Zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi. Baadhi ya lenzi kikikosa mtikisiko kinautengeneza chenyewe. Kihesabu sekunde 2 au rimoti.

Ukirudi, usifunge miguu ya tripodi ikiwa na tope. Mchanga unaingia kwenye vifungio na kusaga nyuzi. Ifungue yote, osha kwa maji baridi, anika kivulini ikiwa imefunguka.

---

#13 MsituHauna_Haraka

Wakuu mbona hamjagusa manyunyu? Sanje kwa chini, maji yakiwa mengi, kuna upepo unaotoka kwenye poromoko lenyewe.

---

#14 Lenzi35

Sahihi, na upepo huo una madhara mawili.

La kwanza ni matone kwenye lenzi. Yakiwa madogo huyaoni kwenye kioo cha kamera, unayaona nyumbani. Utaratibu: ivalishe lenzi kingio lake la mbele (hudi), weka fremu na fokasi ukiwa umeifunika kamera kwa kofia ya plastiki ya kuogea, ile ya saluni. Funua, futa, piga ndani ya sekunde mbili tatu, funika. Angalia picha kwa kukuza pembeni, siyo katikati. Beba vitambaa vya maikrofaiba vinne au vitano, kila kimoja kwenye mfuko wake. Kikilowa hakifuti tena, kinasambaza. Pulizia kwanza kwa pampu ya mkono ili chembe ya mchanga isikwaruze kioo.

La pili, majani yanatikisika. Maji yametoka laini, miti imetoka uji. Hapa piga picha mbili bila kugusa tripodi: moja ya maji, 1/2 na ISO 100. Ya pili ya majani, ISO 1600 na 1/30, mwanga ule ule. Nyumbani unaziweka tabaka mbili na kufuta sehemu ya miti tu. Kama huchezi na kompyuta, subiri upepo ukate. Hukata, ila kwa sekunde chache.

Na kwa kuwa umetaja Sanje: ukingo ule wa Udzungwa unatazama mashariki, bonde la Kilombero. Jua la asubuhi linalipiga poromoko usoni. Kwa wapenda upinde wa mvua hiyo ni zawadi, jua likiwa mgongoni na manyunyu mbele. Kwa mtu aliyesimama chini upinde unaonekana jua likiwa chini ya nyuzi 42, yaani mpaka kama saa 3 na nusu asubuhi kwa mwezi Machi. Zungusha polaraiza kwa uangalifu, ikikaa vibaya inaufuta upinde wote. Asiyetaka upinde anataka mawingu, au alasiri mlima unapotia kivuli. Shida ya alasiri ni mvua.

---

#15 Fundi_wa_Lenzi_Kkoo

Wakuu, naongea kama fundi. Lenzi nyingi zinazoletwa mezani baada ya masika haziji kwa kudondoka. Zinakuja na kuvu. Kuvu inaota ndani ya kioo unyevu ukizidi asilimia 60 hadi 70 kwa muda mrefu, na Dar tunaishi juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kamera iliyolowa mlimani ikifungiwa kwenye begi lililolowa, wiki mbili zinatosha kuona nyuzi nyeupe pembeni ya kioo. Ikishakula koti la kioo, kusafisha kunaondoa kuvu ila alama inabaki.

Tengeneza sanduku lako. Kopo la plastiki la vyakula lenye mpira kwenye mfuniko, silika jeli gramu 200 hadi 300 kwa kopo la lita 10, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usishushe chini ya 30, mafuta na mipira ya lenzi nayo inakauka. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti, usiikaushe kwenye sufuria ya kupikia.

Mchele sahau. Una vumbi la wanga, na vumbi hilo ndilo chakula cha kuvu.

Jambo jingine ni kiyoyozi. Umetoka kwenye behewa au gari yenye baridi, unashuka Moro kwenye joto la unyevu, unatoa kamera papo hapo: kioo kinapiga ukungu nje na, mbaya zaidi, ndani. Acha kamera ndani ya begi, zipu imefungwa, nusu saa, ipate joto taratibu. Kwa mwenye gari, zima kiyoyozi dakika 30 kabla ya kufika. Na usibadilishe lenzi kwenye manyunyu. Chagua lenzi moja kabla ya kufika. 24-70 inamaliza kazi karibu yote.

---

#16 Tabata_Segerea

Nimekusoma fundi. Begi nalifunika na nini? Zamani tulikuwa tunatia vitu kwenye rambo.

---

#17 KivuliChaMkuyu

Rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usiingie nazo hifadhini. Chukua mfuko wa kuzuia maji wa kukunja mdomo, lita 20, uweke ndani ya begi, siyo juu yake. Kifuniko cha mvua cha begi kinazuia mvua ya juu tu. Mgongoni maji yanapita kwa jasho na mabega. Kama bajeti haipo, kiroba cha sandarusi kizito kilichosafishwa, mdomo umekunjwa mara tatu na kufungwa mpira. Simu na funguo mfuko wa pili. Risiti ya malipo ipige picha.

---

#18 AngaLaJuu

Droni je? Poromoko la mita 170 kutoka juu ni balaa.

---

#19 KivuliChaMkuyu

Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ukiwa hifadhini unahitaji pia ruhusa ya hifadhi yenyewe. Havipatikani getini asubuhi ile. Kama huna, iache nyumbani, isije ikashikwa na safari nzima ikaharibika.

Badala yake beba lenzi ya 70-200 kama mgongo unaruhusu. Itakupa vipande vya poromoko bila kusogea kwenye manyunyu, na njiani kuna mbega wekundu na mangabe wa Sanje, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 ambaye hayupo popote nje ya Udzungwa.

---

#20 BintiWaKigamboni

Mnisaidie ratiba basi. Nina Jumamosi na Jumapili tu, tupo wanne, gari ndogo. Sanje inawezekana?

---

#21 KivuliChaMkuyu

Inawezekana dada, ila siyo kwa siku moja. Jumamosi tokeni Dar saa 11 alfajiri kabla foleni ya Kibaha haijafunga. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, mwendo mwisho 70 mchana, na twiga hawana taa ya breki. Ingieni Mang'ula mchana, nendeni hifadhini mkamalize malipo na kupanga muongozaji wa kesho. Mchana ukibaki, kuna poromoko dogo la Prince Bernhard karibu na makao makuu. Tumieni hilo kujaribu mipangilio na viatu. Lalani Mang'ula.

Jumapili muwe mnaanza kupanda saa 12 na nusu, au mapema kadiri hifadhi inavyoruhusu. Kupanda, kupiga na kushuka hesabuni saa nne mpaka tano kwa njia yenye tope. Maji lita mbili kila mtu, chumvi ya ORS pakiti mbili, ndizi na karanga. Saa 6 mchana muwe mmeshuka hata kama picha hazijatosha, kwa sababu mawingu ya alasiri yanajikusanya juu ya mlima na kushuka kwenye mfinyanzi mvua ikinyesha kunachukua muda mara mbili.

Alhamisi na Ijumaa fuatilieni utabiri wa TMA, halafu pigeni simu Mang'ula muulize jana usiku ilinyesha kiasi gani na maji yana rangi gani. Wakisema kahawia na inaendelea kunyesha, sogezeni wiki.

---

#22 BintiWaKigamboni

Gari ni IST. Barabara ya kutoka lami hadi wanapoanzia kupanda Sanje, itapita?

---

#23 Mguu_Chuma

Kama imenyesha usiku, iacheni kando ya lami kijijini kwa mtu mtakayeelekezwa na hifadhi, mumalizie kwa miguu au boda. IST iko chini sana kwa mabonde ya tope, na kuivuta ikishakaa kwenye tumbo mtahitaji watu sita na saa nzima ya mwanga wenu wa asubuhi.